Anayeuza Zamu Hana Haja ya Kufupisha Foleni

Katika jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani, upo mji wa Kiswahili ambao hakuna Mswahili aliyepata kuzaliwa wala kuzikwa humo. Jina lake ni Harambe. Msomaji atatambua mara moja kwamba jina hilo ni wito wetu wa taifa uliopunguziwa irabu moja. Kuta zake zimechakazwa makusudi ili zifanane na kuta kongwe za pwani yetu, kwa maana wabunifu wake waliichukua Lamu kuwa mojawapo ya vielelezo vyao. Humo mna mkahawa uitwao Tusker House, kibanda cha vinywaji kiitwacho Tamu Tamu, baa iitwayo Dawa na duka liitwalo Mombasa Marketplace. Mji huo ni sehemu ya Animal Kingdom, bustani ya burudani ya kampuni ya Disney iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na kivutio chake kikuu ni Kilimanjaro Safaris, ambapo wageni hupakiwa katika malori ya wazi na kuzungushwa mbugani kutazama twiga, simba na ndovu walio hai.

Sikusudii leo kulalamika kwamba lugha yetu imegeuzwa pambo la kuuzia vinywaji. Lawama hiyo ina siku yake. Ninalokusudia kulijadili ni jambo lililoanza katika bustani za kampuni hiyo mwaka 1999, dogo kwa umbo lakini kubwa kwa athari. Mwaka huo Disney ilianzisha utaratibu uitwao FastPass, na Kilimanjaro Safaris kilikuwa miongoni mwa vivutio vya kwanza kuutumia. Mgeni aliyekuta foleni ndefu hakulazimika tena kusimama. Alitia tikiti yake ya kuingilia katika mashine, mashine ikamtolea kijikaratasi kilichoandikwa muda wa kurudi, kwa mfano kati ya saa nane na saa tisa mchana, naye akaenda zake. Akirudi katika muda ule alipitia mlango mwingine na kuingia baada ya kungoja kidogo tu. Hakulipa hata senti moja zaidi. Ilikuwa kana kwamba jina lake limesalia katika foleni ilhali mwili wake unatembea. Nitauita utaratibu wa namna hii foleni pepe.

Je, mwili huo uliokombolewa ulikwenda wapi?

Swali hili ndilo kiini cha mambo, kwa sababu mwenye bustani haishi kwa kiingilio pekee. Huuza chakula, vinywaji, kofia, wanasesere, picha na vikorokoro vya kila namna ambavyo mtoto hulilia leo na kuvisahau wiki ijayo. Mgeni aliyebanwa baina ya vyuma vya foleni kwa saa nzima hanunui chochote katika hivyo. Saa ya foleni ni saa ambayo mkono haufiki mfukoni. Basi mtu aliyeambiwa arudi saa nane alijikuta katikati ya Harambe akiwa na saa mbili za kupitisha, jua la Florida likimchoma utosi, na mbele yake Tamu Tamu, Dawa na Mombasa. Wenye bustani walitumaini kwamba atanunua. Nani asingetumaini hivyo?

Hata hivyo, haki ya mtu apewe. Utaratibu ule ulikuwa na wema wa kweli ndani yake. Mama mwenye watoto wawili wadogo, mmoja analia na mwingine anataka msalani, hakuwa na sababu ya kuteseka katika foleni ilhali mashine ingeweza kumshikia nafasi. Na foleni ni taabu ambayo wasomi wameichunguza kwa muda mrefu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 makala ya kwanza ya elimu ambayo leo huitwa nadharia ya foleni. Alitaka kujua laini ngapi za simu zingetosha ili wapigaji wasisubiri kupita kiasi. Mwaka 1985 David Maister aliandika juu ya saikolojia ya kungoja na kueleza jambo ambalo kila mwanafunzi aliyepata kusubiri matokeo ya mtihani analijua moyoni mwake: muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli, na kungoja bila ya kujua mwisho ni kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo. Kijikaratasi cha FastPass kiliziponya taabu zote mbili. Kilimpa mgeni shughuli na kilimpa kikomo.

Lakini biashara haikukaa hapo. Mwaka 2001 kampuni ya Kiingereza iitwayo Lo-Q ilianzisha katika bustani ya Six Flags Over Georgia kidude cha kubeba mkononi kilichoitwa Q-bot, ambacho mgeni alikikodi kwa fedha kikamshikia zamu. Mwaka 2013 Disney nayo ikaanza kuleta bangili za kielektroniki ziitwazo MagicBand, katika mradi ulioripotiwa kugharimu takribani dola bilioni moja. Bangili hiyo ilifungua chumba cha hoteli, ilipokewa mlangoni mwa bustani, ilithibitisha zamu ya mgeni kwenye vivutio, na zaidi ya hayo ililipia chakula na zawadi kwa wale waliolala katika hoteli za kampuni. Mwaka 2017 washindani wao wa Universal walifungua huko Orlando bustani ya maji iitwayo Volcano Bay, ambako kila mgeni huvishwa bangili iitwayo TapuTapu. Mgeni huigusisha kwenye nguzo ikamwekea zamu ya kuteleza majini, kisha aweza kuigusisha dukani ikamlipia chipsi.

Hebu tuitazame bangili hiyo kwa makini. Mkono ule ule ulioachiwa na foleni ndio uliovishwa mkoba. Wachumi Drazen Prelec na George Loewenstein waliandika mwaka 1998 juu ya uchungu wa kulipa, na jinsi uchungu huo unavyofifia pale malipo yanapotenganishwa na kitu kinachonunuliwa. Sisi tuliozoea kutuma na kupokea fedha kwa M-Pesa tangu mwaka 2007 hatuhitaji kufunuliwa kitabu ili tulielewe hilo. Noti ya shilingi elfu moja ikitoka mkononi huonekana ikitoka, bali shilingi elfu moja ya kwenye simu huyeyuka kimya kimya, na jioni mtu hujiuliza imekwenda wapi. Mgeni wa bustani yuko likizoni, amevaa kaptura, mfukoni hana pochi, na deni lake litamngoja hadi siku ya kuondoka hotelini. Kila kizuizi kilichosimama kati ya tamaa na malipo kimeondolewa, na cha mwisho kuondolewa ni foleni yenyewe.

Hadi hapo mtu aweza kusema: basi nini? Mnunuzi ni mtu mzima, hakushikiwa rungu. Nakubali. Mgeni anayenunua kofia mbili badala ya moja amejidhuru mwenyewe, kama ni kujidhuru. Jambo linalonikera lilikuja baadaye, na ili lieleweke sharti turudi nyuma kidogo.

Disneyland ya kwanza ilipofunguliwa huko Anaheim, California, mwezi Julai 1955, mgeni alilipa kiingilio kidogo kisha akalipia kila mchezo. Baadaye mwaka huo huo vikaja vitabu vya kuponi zilizopangwa kwa herufi. A ilikuwa ya michezo midogo ya watoto, na kuanzia 1959 kuponi ya E ndiyo iliyofungua vivutio vikubwa kuliko vyote. Wamarekani wa umri fulani hadi leo huitumia kuponi hiyo ya E kama msemo wa kitu cha hali ya juu. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1982, na mahali pake pakawekwa kiingilio kimoja kilichofungua kila mlango.

Nawaomba wasomaji walitie jambo hili akilini. Zama za kuponi, maskini na tajiri hawakuwa sawa. Mwenye fedha alipanda mara kumi na asiye nazo mara mbili. Lakini walipofika kwenye kivutio, wote wawili walisimama katika foleni moja. Baada ya 1982 tofauti ile ya kuponi nayo ikaondoka. Mtu akishapita lango kuu, milionea na karani wa posta walikuwa na kitu kimoja sawasawa, nacho ni zamu. Hata FastPass ya 1999, pamoja na hila yake ya kuwapeleka watu madukani, haikuugusa usawa huo, kwa maana mashine haikuuliza mtu ana nini mfukoni. Wageni waliolala katika hoteli za kampuni ndio walioanza kupewa upendeleo baada ya ujio wa bangili, wakaruhusiwa kujiwekea zamu siku 60 kabla ilhali wengine waliruhusiwa siku 30. Ufa ukaanzia hapo.

Mwaka 2020 bustani zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na zilipofunguliwa FastPass haikurejea. Mahali pake, mwezi Oktoba 2021, ikaletwa huko Florida huduma ya simu iitwayo Genie+, kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku. Kile kilichokuwa bure kwa zaidi ya miaka 20 kikapata bei. Vivutio vichache vinavyopendwa mno viliwekwa kando, kila kimoja kikilipiwa peke yake. Mwezi Julai 2024 majina yalibadilishwa yakawa Lightning Lane, na mwezi Oktoba mwaka huo ikaongezwa daraja ya juu kabisa, Premier Pass, inayomruhusu mnunuzi kupita mlango wa haraka wa kila kivutio kilicho katika mpango huo, mara moja kwa kila kimoja, saa yoyote apendayo. Bei yake ya kuanzia katika bustani za Florida ilitangazwa kuwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, kutegemea bustani na tarehe, mbali na kiingilio. Familia ya watu watano siku ya bei ya juu ingelipa dola 2,245, yaani karibu shilingi 290,000 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule, ili isisimame.

Kuponi, basi, zimerudi, lakini zimerudi zikiuza bidhaa nyingine. Kuponi ya E iliuza mchezo. Ya leo huuza kutongoja, na kutongoja ni bidhaa ya ajabu kwa kuwa haina thamani yoyote mpaka wawepo watu wanaongoja.

Hapa ndipo ningependa walimu wa hisabati wachukue chaki. Chukua kivutio chenye uwezo wa kubeba watu 1,200 kwa saa, na watu 2,400 wanaokitaka saa sita mchana. Wakisimama wote katika foleni moja, wa mwisho ataingia baada ya saa mbili, na wastani wa kungoja utakuwa dakika 60. Sasa gawa watu hao mafungu mawili, 1,200 waliolipa na 1,200 wasiolipa, na katika kila saa wape waliolipa viti 900 na wasiolipa viti 300. Waliolipa watamalizika baada ya dakika 80, na wastani wao utakuwa dakika 40. Katika dakika hizo 80, wasiolipa wanaoingia ni 400 tu. Wale 800 waliobaki watapata viti vyote kwa dakika 40 za mwisho. Piga hesabu ya wastani wao na utapata dakika 80. Jumlisha mafungu yote mawili: wastani ni dakika 60 zile zile. Mtu wa mwisho bado anaingia baada ya saa mbili zile zile. Lori halikuongezwa, kiti hakikuongezwa, wala dakika moja haikuokolewa. Dakika 20 zimetolewa kwa kila asiyelipa na kutiwa katika mkono wa aliyelipa, na mwenye bustani amepokea fedha kwa kazi hiyo ya kuzihamisha.

Tarakimu hizo nimezitunga kwa ajili ya ubao, lakini kanuni inayozitawala haikutungwa. Na hali halisi huwa mbaya zaidi ya ubao, kwa sababu aliyelipa hakai kitako akingoja. Jina lake likiwa katika foleni ya kwanza, miguu yake huenda kusimama katika foleni ya pili. Mtu mmoja huwa katika foleni mbili kwa wakati mmoja, na vivutio vidogo ambavyo zamani havikuwa na msongamano hujaa watu wanaopitisha muda. Vijia navyo hujaa, kwa sababu zile foleni za kale, pamoja na uchovu wake, zilikuwa ghala la kuhifadhi maelfu ya watu ambao sasa wamemwagwa nje.

Hebu sasa tumtazame mwenye bustani. Zamani foleni ndefu ilikuwa hasara yake. Iliwaudhi wageni, iliwazuia kununua, na iliwafanya waape kutorudi tena. Alikuwa na kila sababu ya kujenga vivutio zaidi, kuongeza magari na kuajiri watu wa kuyaendesha upesi. Leo foleni ndefu ndiyo tangazo bora la bidhaa yake. Bango lililo mlangoni likionyesha dakika 20, nani atalipa? Likionyesha dakika 110, baba hutazama nyuso za wanawe, hutoa simu, hubonyeza. Sisemi kwamba kuna mtu aliyeketi ofisini akipanga kuzirefusha foleni. Sina haja ya kumsingizia mtu uovu. Nasema tu kwamba mtu akishaanza kuuza tiba, usimtarajie kuwa wa kwanza kuung'oa ugonjwa.

Na fedha zimeingia. Katika taarifa yake ya robo ya kwanza ya mwaka wa fedha wa 2022, yaani miezi mitatu ya mwisho ya 2021, Disney ilieleza kwamba matumizi ya kila mgeni katika bustani zake za Marekani yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya asilimia 40 yakilinganishwa na kipindi kama hicho cha mwaka wa fedha wa 2019, na kwamba zaidi ya theluthi moja ya wageni walikuwa wakinunua huduma hizi mpya za mlango wa haraka. Mkurugenzi yeyote akiwa na tarakimu kama hizo mezani pake atawezaje kuirudisha mashine ya bure?

Mwanafalsafa Michael Sandel wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu mambo ambayo fedha haipaswi kuyanunua, alianza na suala hili hili la kuruka foleni, bustani za burudani zikiwemo. Hoja yake ni kwamba foleni ina maadili yake na soko lina maadili yake, na soko likiingia mahali pa foleni huyafukuza yale ya kwanza. Anayetaka ushahidi autazame mwaka 2013. Magazeti ya New York yaliripoti kwamba baadhi ya matajiri wa jiji hilo walikuwa wakikodi watu wenye ulemavu, kwa dola 130 kwa saa, ili wajifanye jamaa zao na kupitia mlango uliotengwa kwa wasioweza kusimama kwa muda mrefu. Mwezi Oktoba mwaka huo Disney iliufuta mpango wa kadi za msaada uliokuwa ukitumiwa vibaya na kuweka mwingine wenye masharti makali. Walioumia ni nani? Ni wale wale ambao kadi ilitengenezwa kwa ajili yao. Watu walipokwisha kuzoea kufikiri kwamba zamu ni kitu cha kununuliwa, hata huruma ikapangiwa kodi ya saa.

Zipo hoja za upande wa pili na hazifai kupuuzwa. Husemwa kwamba ndege zina daraja la kwanza na hakuna anayelia. Ni kweli, ila abiria wa daraja la kwanza na wa nyuma hufika Nairobi kwa dakika ile ile. Alichonunua yule wa mbele ni kiti kipana, wala hakuisogeza saa yangu ya kufika. Husemwa pia kwamba sisi wenyewe tumejenga barabara ya kulipia jijini Nairobi, ile ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyoanza kutumiwa mwaka 2022, na kwamba aliye juu hupita kwa kasi akimtazama aliye chini. Mfano huu una nguvu zaidi, na uchungu wake wengi tunaujua. Hata hivyo si sawa kabisa. Kule nafasi mpya ya kupitia ilijengwa na anayelipa anailipia. Kwenye kivutio hakuna lori jipya linalojengwa kwa dola 15 za mgeni. Kiti anachokalia kilikuwa cha yule aliyetangulia kufika.

Kuna wanaosema pia kwamba bila bei zamu zingenyakuliwa na wajanja. Hapo wana ukweli. Kivutio cha Rise of the Resistance kilipofunguliwa mwezi Desemba 2019, foleni pepe yake ilikuwa ya bure kwa kila mgeni, ila ililazimu kuipata kwenye simu asubuhi. Nafasi zilikuwa zikimalizika kwa dakika chache, mara nyingine kwa sekunde. Aliyekuwa na simu ya zamani au bibi asiyejua kubonyeza aliambulia patupu. Teknolojia nayo ina matajiri wake. Lakini tatizo la wepesi wa vidole lina dawa. Kura yaweza kupigwa kwa wote walioingia langoni. Saa zaweza kugawanywa. Karani mwenye orodha aweza kuwekwa kwa ajili ya wasio na simu. Tatizo la bei halina dawa ila kuifuta bei.

Kwa nini mwalimu wa Kakamega au mwanafunzi wa Voi ajishughulishe na foleni za Florida? Kwanza, kwa sababu zamu ni somo la kwanza la haki ambalo mtoto hufundishwa shuleni, kabla hajajua neno katiba. Kwenye bomba la maji, kwenye dirisha la chakula, kwenye bembea ya maonyesho ya kilimo, yeye hujifunza kwamba aliyetangulia ametangulia, hata kama baba yake ni mchukuzi. Neno lenyewe foleni tulilitohoa kutokana na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari, tukalifanya letu hata likawa kanuni ya adabu. Isitoshe, sisi Wakenya tunayo kumbukumbu yetu wenyewe ya foleni iliyochezewa. Mwaka 1988 wapigaji kura walipangwa mlolongo nyuma ya wawakilishi wa wagombea, na katika sehemu kadhaa mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Waliokuwepo hawajasahau, kwa sababu kila mtu alikuwa ameiona foleni kwa macho yake. Foleni pepe haina ushahidi huo. Aliyesimama juani hawezi kuhesabu ni wangapi walioingizwa mbele yake, kwa maana hawako mbele yake. Wako kwenye mtambo.

Pili, utaratibu huu haukuzaliwa na vivutio pekee wala hautakufa navyo. Bustani za burudani ni maabara ya biashara. Mengi yanayojaribiwa huko kwa wageni wenye furaha huhamia baadaye kwenye hospitali, benki na ofisi za vibali ambako watu huenda kwa dhiki. Wanafunzi wanaosoma kompyuta leo ndio watakaoajiriwa kuiandika mitambo hiyo. Yafaa walijue swali la kuuliza kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Swali lenyewe ni jepesi. Kwenye mlango wa kila kivutio pana bango linaloonyesha dakika za kungoja. Wenye bustani wanazo tarakimu nyingine ambazo bango halizionyeshi: katika kila viti 100 vinavyoondoka, ni vingapi vimetengewa waliolipa. Naziandikwe chini ya zile dakika, kwa herufi za ukubwa ule ule, ili yule baba anayetazama nyuso za wanawe ajue dakika 110 zimetoka wapi kabla hajatoa simu. Na mfanyabiashara wa kwanza atakayeuleta mpango huu katika viwanja vyetu vya maonyesho, au serikali ya kaunti itakayempa leseni, aandikiwe sharti hilo katika mkataba kabla ya bangili ya kwanza kufungwa mkononi mwa mtoto.